Kilicho Kinywani

Tuovi Hyvärinen, fundi wa majokofu mstaafu,
alinikuta bandani pale kwenye mgodi wa zamani
nimevaa mshahara wa miezi miwili:
mapezi ya manjano, saa ya vitufe vinane,
kisu cha kutishia papa.
"Papa hawali chokaa," akasema,
akanimiminia kahawa.

Februari. Nje, Ilpo alikuwa akikata barafu kwa msumeno,
pembetatu moja nyeusi,
mlango wa nyumba iliyofurika tangu pampu zizimwe.

Vitu vyake vilikuwa vimelala mezani
kama vyombo vya mtu anayehama usiku.
Mitungi miwili ya chuma, rangi imechubuka mabegani.
Bamba la mgongoni, na mkanda mmoja tu
uliopita matundu yake yote bila kukatwa,
bila kifungo cha plastiki.
(Plastiki, alisema, ina kalenda yake.)
Mapezi ya mpira mweusi, mazito kama viatu vya askari,
springi kisiginoni.
Kisu kifupi kuliko kidole cha kati;
kiliwahi kumenya viazi.
Miwani ya pili, mfuko wa paja la kulia.
Penseli, maana kalamu hulewa maji.
Tochi tatu: moja ya kuonea,
moja ya siku ile ya kwanza inapokufa.
Ya tatu hakuieleza.

Nikauliza mbona kila ndoano imefungwa kwa uzi.
"Chuma kisishikane na chuma.
Katikati weka kitu ambacho kisu kinakiweza."

Kisha akaanza kunipunguza.
Filimbi. Dira ya pili. Kikaragosi cha pweza
alichonipa dada yangu.
"Kinachoning'inia hushika," alisema kwa kila kimoja,
na kila kimoja kikaenda ndooni.
Kizuri chajiuza, nikawaza, nami ndiye niliyenunua.

Kilichobaki kunisumbua kilikuwa mpira wake wa hewa,
mita mbili nzima, mrefu kupita adabu,
umezunguka shingo mara moja hadi kinywani;
na chini ya kidevu, kwenye lastiki,
kipumulio kingine kidogo kama kidani cha mtoto.
"Hicho kidogo ndicho cha mgeni?"
"Hapana. Mgeni hupewa ninachovuta."
Sikuelewa. Nilitikisa kichwa kama aliyeelewa.

Digrii nne. Mita thelathini na moja.
Reli za vigari, ngazi isiyopandwa,
kofia ya mchimbaji juu ya msumari, imeota vumbi jeupe.
Nilivuta hewa kwa pupa, kwa sababu ya ile kofia,
na kipumulio changu kipya kikaganda kikiwa wazi.
Hewa ikatoka kama birika linalopiga kelele.
Sikuona mkono wangu. Sikuona kitu.
Geji ilikuwa ikishuka, nilijua bila kuitazama.

Hakunitafutia cha akiba.
Alikitoa chake, kilekile, kinywani mwake,
akakitia kinywani mwangu
kikiwa bado na joto la meno yake
na ladha ya ile peremende nyeusi ya chumvi wanayoipenda watu wa huko.
Akainamisha kidevu, akaokota kidani kwa midomo.
Mkono wake mwingine ulikuwa umeshafika nyuma ya kichwa changu,
unafunga vali, taratibu,
kama mtu anayezima taa chumba cha mtoto.

Tukarudi tukifuata uzi, mpira ule mrefu kati yetu
ukitosha kwa kila kona.

Juu, kwenye daftari lake aliandika:
*dak. 38. Kijana kapumua sana.*
Akanipa supu ya njegere.
Kuhusu lile lingine hakusema neno,
wala mimi.

Usiku huu nipo jikoni, Lahti, na ndoano sita na uzi wa nailoni.
Fundo la tatu limelegea tena. Nimelifungua.
Pweza nimemtundika dirishani,
mahali anapoweza kuning'inia apendavyo.