Arobaini Kulia

Nenda alasiri, aliniambia Mbonea,
saa tisa, mguu ukishavimba.
Kiatu kilichokutosha asubuhi
kitakuwa jela kabla ya Mwanga.

Basi nikashuka Memorial saa tisa,
jua la Moshi mgongoni kama mtoto aliyelala,
soksi zangu za safari mfukoni
na kikaratasi: Same, Mombo, Korogwe, Tanga.
Siku tano, nikijaliwa.

Mwaka jana niliazima viatu vya kung'ata pedali,
vile vya chuma chini, vinavyosema *ka!* ukikanyaga.
Vizuri, sikatai. Kwenye mlima unasukuma na unavuta,
wewe na baiskeli damu moja.
Lakini kipilefti cha Mnara wa Saa, lori likasimama ghafla,
nami nikasimama, kiatu kikakataa talaka,
nikaanguka polepole, kama gunia linalofikiria,
mbele ya kinamama wa ndizi.
"Pole dada," wakasema, halafu wakacheka.
Hata mimi ningecheka.

Raba nazo laini mno, soli inajikunja,
ukifika Himo unyayo umeshahesabu
meno ya pedali, moja moja.
Yeboyebo hukauka upesi, ndiyo,
ila jasho likikutana na vumbi ndani mwake
mguu unateleza kama sabuni ya msibani.
Katambuga nilizipenda kwa mawazo tu:
tairi chini ya mguu, tairi chini ya tairi,
mpira uliokwenda Korogwe mara elfu na saruji
sasa uende tena, na mimi.
Ila ukanda ulinikata palepale.

Palepale. Nilipokuwa na miaka sita
mjomba Elinihaki alinipakia kwenye keria kutoka Kiboriloni,
nikasinzia,
mguu wa kulia ukaingia kwenye spoki.
Mfupa uliunga ulivyotaka wenyewe.
Tangu hapo kushoto thelathini na tisa, kulia arobaini,
na baiskeli inanidai, au mimi naidai,
hatujawahi kukaa tukapiga hesabu.

Ombeni alikuwa amefungua bunda siku ile.
Akavuta jozi ya kijivu: soli ngumu katikati,
ncha inayokubali kukunjika ukisukuma matopeni,
kamba fupi, cheni isizile.
Nikavaa, nikatembea juu ya kadibodi.
Kushoto, pepo. Kulia, jehanamu.
"Ipo arobaini yake," akasema, "zimezaliwa bunda moja."
Kulia, pepo. Kushoto kunapwaya, kunakohoa.

Tukatazamana.
"Hapana," akasema Ombeni.
"Ndiyo," nikasema.
"Na zitakazobaki nimuuzie nani, mzimu?"
Nikalipa elfu thelathini na tano,
na elfu tano nyingine ya kumpoza moyo.
Akazitundika zile mbili kwenye msumari,
kushoto kubwa, kulia ndogo,
akizitazama kama ndugu walioachiwa nyumba bila hati.

Siku ya tatu, Mazinde, mvua.
Nikashuka nikasukuma, matope hadi kifundoni,
maji yakaingia, yakatoka, hayakuaga,
soli haikufungua mdomo.
Kwenye baraza la duka lililofungwa
nikavua, nikawasha simu.
Ujumbe wa Ombeni, bila salamu:

*Zimeondoka. Dada mmoja wa Majengo.
Wa kushoto ndio mkubwa.
Alizivaa akakaa kimya mpaka nikaogopa,
nikampunguzia bila kuombwa.*

Nikakamua soksi.
Mvua bado. Korogwe bado.
Mguu wake wa kushoto, nikawaza,
uliingia kwenye nini?