Mikanda Miwili

Saa nane na dakika kumi na nne usiku
gari lilinipigia simu. Si mtu, gari.
Mtu hana haraka ile.
Kabla sijatamka neno kioo changu kilikuwa kimejaa:
barabara ya msituni, chini ya Kočevje,
uelekeo kaskazini, mafuta dizeli,
namba ya chasisi ndefu kama rozari,
na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo,
mikanda iliyofungwa: miwili.

"Hapa ni huduma ya dharura. Unanisikia?"
Kwanza nikasikia wipa, kwi, kwi,
inafuta kioo kilichokwisha kumwagika.
Kisha pumzi. Kisha mzee:
"Sikukupigia."
Najua, nikasema. Limepiga lenyewe.
"Nani kalituma?"

Tulipofunzwa kazi hii tuliambiwa sanduku lile hulala.
Hulala miaka, halimfuati mtu, halihesabu safari,
mpaka chuma kigongwe.
Niliamini. Bado naamini, nadhani.
Lakini siri ya mtungi aijuaye kata,
na safari hii kata imetiwa ulimi.

Jina lake Rajmund. Kagonga dubu.
Dubu kaondoka kwa miguu yake, alisema,
kwa wivu kidogo.
"Mko wangapi?"
"Peke yangu."
Kioo: miwili.
"Bwana Rajmund, una hakika?"
"Mama, nimeshakwambia."
Nyuma ya sauti yake mtu akakohoa,
kikohozi cha kijana, cha mtu aliyelowa.

Mto Kolpa uko kilomita nne kutoka nukta ile.
Ng'ambo ni nchi nyingine. Watu huvuka usiku,
maji kifuani, viatu vimening'inia shingoni,
na sisi wa zamu tunajua mwezi gani mto hutoa watu
na mwezi gani hutoa maiti.
Nikiandika wawili, polisi watataka jina la wa pili.
Nikiandika mmoja, daktari atashuka na machela moja.
Na sauti yangu nayo inarekodiwa, hata nikimeza mate.

Basi nikaacha kuhesabu.
"Damu ipo?"
Kwi. Kwi.
"Ipo."
"Wapi?"
"Mkononi. Mfupa umechungulia."
"Unaumia sana?"
"Mimi? Mimi siumii,"
akanyamaza ghafla,
kama aliyekanyaga kidato ambacho hakipo.

Ufunge mkono kwa skafu, nikasema. Juu ya jeraha. Kaza.
Mkono tu. Sikuutafutia mwenyewe.
Nikasikia kitambaa kikichanika, nikasikia mlio mfupi
katika lugha nisiyoijua, ila maumivu hayana mkalimani.
"Anasema anasikia baridi," mzee akasema,
na neno hilo likatoka, likakaa katikati yetu,
mimi, yeye, yule, na mashine.
Hakuna aliyeliokota.

Nikaagiza ambulensi. Nikaagiza blanketi mbili.
Kwa sababu ya baridi, nikaandika.

Alfajiri msimamizi, Srečko, akaja na fomu na kalamu.
"Gari linasema wawili. Dereva anasema mmoja. Wewe?"
Nikamwambia gari limesema mikanda.
Mimi nimekaa Ljubljana, ghorofa ya pili,
sikuona hata dubu.
Akanitazama kwa muda, akaandika kitu,
akageuza karatasi nisisome.
Kilichotokea kule sikuambiwa.
Blanketi moja, nimesikia, haikurudi.

Nje theluji ilikuwa imeanza kuchafuka.
Milojka wa meza ya pili alikuwa ameniletea viazi vya kwao,
gunia zima, nikaliketisha kiti cha mbele, kando yangu.
Sikufika hata kwenye taa za barabarani.
Tii, tii, tii, gari likalalamika,
lina abiria asiye na mkanda.
Nikasimama. Nikalifunga gunia, nikalikaza tumboni.
Gari likanyamaza, limeridhika,
wala halikuuliza ni nani.
Tukaenda nyumbani wawili.