Daftari la Mita

Kazi yangu ilikuwa kusoma mita za maji,
Ngara, Pangani, Ziwani, hadi Jerusalem,
na mtu akishazoea kuandika tarakimu
hawezi tena kufurahi bila kuhesabu.

Kwa hivyo ninalo daftari. Jalada la bluu, la kampuni,
nililoliiba mwaka wangu wa kwanza, Mungu anisamehe.
Safu ya kwanza: mahali. Ya pili: usomaji wa awali.
Ya tatu: usomaji wa sasa. Ya nne: tofauti.

Kasarani: mbili. Zote nilikaa mbali mno,
mwimbaji punje ya mchele,
sauti yake ikinifikia yeye keshafunga mdomo.
Bustani za Uhuru: nne. Tatu, mvua.
Siku moja kati ya hizo viatu vya mke wangu vilibaki topeni
na hadi leo huniuliza nilikuwa nimeshika nini
nilipotakiwa kumshika yeye.
Nilikuwa nimeshika kalamu.

Ukumbi wa Kaloleni: kumi na tisa.
Feni moja tu ndiyo iliyozunguka,
na Ambundo wa gitaa zito akisimama chini yake
kwa haki ya umri.

Nyota Saba, Ngara, juu ya duka la vipuri: sitini na moja.

Sitini na moja, ndugu yangu. Kanisani sijafika hivyo.
Ngazi ishirini na mbili, ya kumi na nne mbovu,
Lokwang mlangoni, anayejua hata jina la mama yako,
bia iliyomwagika, mafuta ya injini yakinuka kutoka chini,
magitaa matatu yakifukuzana kama watoto wa shangazi,
na saa tisa usiku, wimbo ulipoingia ile sehemu ya pili
isiyo na maneno, yenye miguu tu,
sakafu ya mbao ilipumua. Naapa.
Mita yao ilikuwa nyuma ya friji, nambari ninayo kwa ghibu.
Mwezi wa bendi nzuri, vyoo havikupumzika, maji yalipanda;
furaha ya watu nikaisoma kwa lita.

Mutheu, aliyesoma mita upande wa Makongeni,
naye ana daftari lake.
Jumamosi tunakutana Kariokor, chai na mahamri, tunalinganisha.
Yeye ana mahali pamoja, sabini na tatu.
Nikaangalia jina. Ameandika: Ukutani.

Ukuta upi? Wa uwanja, anasema,
nilipouza njugu nikiwa msichana.
Bendi zilikuwa ndani. Mimi mgongo wangu kwenye mawe.
Nikamwambia hiyo haihesabiwi. Huna tiketi. Hukuona mtu.
Akakoroga chai yake, polepole, kijiko kikigonga kikombe.
"Wewe ulipokuwa ukisoma mita,
uliyaona maji?"

Nilitafuta jibu hadi mahamri yakapoa.

Akaendelea, kana kwamba hakuniumiza:
siku alipopata pesa aliingia, kiti cha mbele.
Akamwona mpiga ngoma, mtu mfupi, amechoka, ana taulo shingoni.
Wimbo wa tatu akatoka
akarudi ukutani, ili asikie.

Mwezi uliopita nilipanda tena ngazi za Nyota Saba.
Sasa ni kwa daktari wa meno. Vigae vyeupe.
Ya kumi na nne wameitengeneza,
lakini mguu wangu uliiruka.
Binti wa mapokezi akaniuliza, jino gani, mzee?
Nikamwonyesha lolote tu.
Nikakaa. Nikauegemeza mgongo kwenye ukuta
ambako zamani walipanga spika,
nikafumba macho mpaka akaniita mara ya pili.

Usomaji wa awali, sitini na moja.
Wa sasa, sitini na mbili.
Tofauti, moja.
Mutheu bado hajaliona hilo.
Nimeandika kwa penseli.