Kipengele cha Nne

Ghala tumelipata Kirumba, nyuma ya mwalo,
lilikuwa la dagaa mpaka mwenyewe alipofilisika.
Tumepiga deki mara tano. Tumechoma ubani.
Kokubanza kaleta mchaichai, gunia zima;
dagaa hawakutoka. Wamo ukutani, wamo kwenye nondo,
na ukipiga goti wanakukumbusha
kwamba hata hapa wapo waliotangulia.

Ilianza kwa Masalu. Sitaki tusahau, ilianza kwa Masalu,
fundi wa injini za mitumbwi, kucha zake nyeusi kwa oili,
aliyelala mochwari siku tatu
tukingoja neno la wazee wa kanisa.
Mzee Bwire akalileta, kasimama, kofia mkononi:
kadi ya marehemu haina muhuri tangu mwaka juzi.
Mimi nilikuwa karani wa kanisa lile.
Zile nafasi tupu niliziorodhesha mimi,
kwa wino wa buluu, mwandiko ulionyooka.

Basi tukamchimbia wenyewe, mlimani.
Mwanza yote ni mwamba uliojitanda udongo kidogo:
sululu ikagonga jiwe, tukahama;
ikagonga tena, tukahama;
pa tatu pakatupa nafasi
ya mtu mmoja mwembamba.

Nani anajua sala ya waliokataliwa?
Zuwena akasoma Fatiha, ndiyo aliyokuwa nayo.
Nkwimba akamimina maji, akawaita babu zake kwa Kisukuma,
akawaita na wa Masalu, kadiri alivyowakumbuka.
Mimi nilianza Baba Yetu, nikakwama penye *utusamehe*.
Lugata, ambaye haamini kitu, alishika koleo
akafukia kwa adabu niliyokuwa sijaiona madhabahuni.
Tukashuka. Radi haikupiga.

Jumapili yake tukajikuta pamoja tena,
hakuna aliyemwita mwenzake.
Kama ulimi unavyolirudia pengo.
Wengine wakaanza kuja: Holo, mke wa tatu,
aliyeambiwa aachike kwanza ndipo abatizwe;
na Limi, anayevaa kofia pana kwa ajili ya ngozi yake,
akaivua humu ndani, akaiweka mapajani,
akalala usingizi katikati ya mahubiri.
Tulipunguza sauti.

Sasa serikali inataka katiba.
Nimepewa kazi hiyo maana mwandiko wangu ni mzuri.
(Wakilisema hilo, hakuna anayenitazama.)
Kipengele cha kwanza, jina. Tulibishana hadi umeme ukakatika,
tukaandika gizani: Jumuiya ya Mwalo,
kwa kuwa mwalo hauulizi mtumbwi umetoka kisiwa gani.
Cha pili, anwani.
Cha tatu, imani. Zuwena akasema, andika:
Mungu ni mkubwa kuliko mlango.
Nkwimba akasema, ongeza:
na mdogo wa kutosha kupita tundu la ufunguo.
Cha nne: *wasioruhusiwa kuwa wanachama*.

Nikaacha wazi. Afisa akairudisha fomu.
Nikachora mstari. Akairudisha.
Nikaandika: Hakuna.
Akavua miwani. "Mama, hata bwawa lina kingo.
Rudi nyumbani ufikiri vizuri."

Nikarudi, nikafikiri vibaya.
Maana jana, katikati ya sala, mlango ukasukumwa:
Bwire. Suti ileile, Biblia ya zipu,
amekonda, sijui ana nini, sikumuuliza.
Akasema, "Naomba kukaa."
Ghala zima likanigeukia, mimi mwenye kalamu,
na moyoni kipengele cha nne kikajiandika chenyewe,
herufi kubwa, jina lake, la baba yake, la babu yake,
wino wa buluu.

Halafu nikaona jina linalofuata chini yake,
mwandiko ukiwa uleule.

Tunakalia kreti za soda. Langu ni la watu wawili
wakibanana.
Sijamsamehe, mjue hivyo. Msije mkaniandika kwenye katiba.
Nimesogea tu,
kiasi cha mtu mmoja mwembamba.