Katibu wa Mfongo

Diski imejaa.
Ndivyo mashine ilivyoniambia asubuhi hii
kwa herufi ndogo pembeni mwa kioo,
kwa adabu ya karani anayekudai.

Mimi ndiye katibu wa mfongo, huku Mbokomu.
Daftari la zamu lilipoliwa na mchwa
tulichanga, kaya thelathini na moja,
tukashuka Moshi kununua kompyuta iliyokwisha tumika,
na kijana wa duka, Godlisten, akaniuliza:
Mzee, nakala zijitunze zenyewe kila baada ya muda gani?
Dakika kumi? Saa? Siku?
Jibu nilifundishwa na baba, jembe begani,
mimi na miaka tisa, miguu ndani ya tope:
zamu yetu ni saa nane usiku
na maji hayagongi mlango.
Andika saa nane, nikamwambia. Kila usiku. Hata nikilala.

Miaka minne haijaruka zamu kwa uvivu.
Nikiamka kwenda haja naikuta,
taa ya buluu inapepesa juu ya cherehani ya marehemu mke wangu,
inachota huku, inamwaga kule,
taratibu,
kama maji yanavyotafuta shina la mgomba gizani.
Umeme ukikatika, kesho yake huungama:
Jana sikuhifadhi.
Nawajua wanakamati wasioweza kutamka hivyo.

Leo imejaa, inataka ruhusa.
Nafungua mipangilio. Miwani, chai, kitambaa cha kufutia miwani.
Swali la kwanza jepesi: folda zipi zisinakiliwe?
Naondoa mieleka ya mjukuu wangu Elinami, gigabaiti arobaini.
Naondoa picha kumi na saba za kidole changu mwenyewe.

La pili limenikalisha hadi chai ikaota utando:
matoleo ya zamani yatunzwe mpaka lini?
Mwezi. Mwaka. Mpaka nafasi itakapohitajika. Milele.

Nani aliliweka neno hilo hapo,
chini ya mshale mdogo,
kama mtu anayekuuliza vijiko vingapi vya sukari?

Nikafungua toleo la Machi, kutazama tu.
Mstari wa kumi na tisa:
Amniel Njau, Jumanne, saa tatu hadi saa sita.
Toleo la Juni, mstari huohuo una jina la mwanawe.
Nilimfuta kwa kidole hiki, siku tatu baada ya kuanua matanga,
maana mfongo haumsubiri mtu,
na nikadhani nimefuta.
Kumbe Machi nzima yupo,
usiku thelathini na mmoja, migomba yake inakunywa.

Katikati kuna Aprili.
Aliomba nusu saa zaidi, kahawa yake ilikuwa inanyauka.
Nikakataa, nikaweka alama nyekundu.
Jina lake ni Aminiel; sikuwahi kuliandika sawasawa.
Akacheka mbele ya kikao:
Katibu, maji umeninyima, na i yangu pia.

Sasa, nikichagua mpaka nafasi itakapohitajika,
mashine itaanza kula kwa mkongwe.
Itamla Machi kwanza, mtu akiwa na maji yake,
itanibakizia Aprili na wekundu wake.
Baadaye hata Aprili,
nami nitakuwa katibu asiye na kosa lolote.

Nimebofya Milele.
Ikajibu: nafasi haitoshi.
Haya. Jumamosi mikungu miwili ya mshare itashuka sokoni,
na Godlisten ataniuzia diski kubwa zaidi,
na mweka hazina asiulizwe kitu.

Kabla sijazima nimerudi mstari wa kumi na tisa.
Jumanne, saa tatu hadi saa sita na nusu.
Mbele ya jina la kijana nimeandika: wa Aminiel.
Saa nane itapokelewa bila swali.
Yule wa mstari wa ishirini atalalamika.
Na alalamike.