Adi, Mumtazi

Kituo cha Birkat al-Mauz, saa saba mchana,
lami inalainika kama halua iliyoepuliwa sasa hivi.
Shahidul kashika mkonga wa pampu,
kofia ya kampuni imemshuka mpaka kwenye nyusi,
ananiuliza anavyouliza watu mia kwa siku:
"Adi? Mumtazi?"

Shuleni kwetu mumtazi ilikuwa muhuri mwekundu,
una nyota pembeni.
Adi hakuna mwalimu aliyeiandika.
Mtoto wa adi aliandikiwa "jitahidi".

Baba yangu, Zahor, alikuwa mtu wa mumtazi.
Aliyasema haya barazani, aliyasema msibani,
alimwambia Himid, siku alipokuja kumposa dada,
kabla hata hajamuuliza ukoo:
"Tisini na tano, mwanangu. Injini ina roho.
Ukiilisha makapi itakulipa kikohozi."

Tena si kituo chochote.
Kile cha ng'ambo, chenye taa za manjano,
hakukitaka hata kwa kujaza upepo.
Mafuta yao yana maji, alidai,
kayaona kwa macho yake mwaka wa mvua kubwa,
mwaka ambao hakuna mwingine aliyeukumbuka.
Himid akazitetea taa za manjano:
kule unapewa chupa ya maji bure, na boksi la tishu.
Wakanuniana Idi nzima,
sahani ya mishkaki ikipita baina yao bila salamu.

Sasa gari ni langu. Prado ya fedha,
boneti imebabuka kama pua ya mtu aliyeshinda juani.
Kwenye dashibodi, chini ya risiti na tasbihi iliyokatika,
nimekuta daftari.
Kiswahili kwa herufi za Kiarabu,
kama alivyofunzwa na mamaake, Wete.
Tarehe. Kilomita. Lita. Neno moja pembeni.

Mumtazi, Izki.
Mumtazi, Nizwa.
Mumtazi, Birkat al-Mauz: linakwenda kama siagi.
Halafu Septemba, mwaka nilioingia chuo:
adi.
Adi. Adi. Adi, Samail.
Adi, taa za manjano.
(Hapo nilirudia kusoma. Taa za manjano!)
Miaka minne ya adi, mstari chini ya mstari,
wala hakuna kikohozi kilichoandikwa.
Mara moja tu, njia ya mlimani, Januari:
limepanda. Halikujua.

Nimepiga hesabu. Baisa kumi kila lita,
tangi zima halifikishi riali.
Riali ingenifaa nini? Kalamu, labda. Mkate wa jibini
niliokula ngazini nikilalamika kuwa ni mdogo.
Na ile sauti barazani haikupungua hata nukta:
injini ina roho.

Nashuka, nafungua kifuniko cha tangi mwenyewe.
Ndani kuna kibandiko cha kiwandani, kimefifia:
tisini na moja na kuendelea.
Vumbi limejaa pande zote
ila juu ya ile namba. Hapo pamepanguswa,
kwa upana wa kidole gumba.

Nyuma yangu pikapu ya majani ya mbuzi inapiga honi.
Shahidul hajasogea. Anayo subira
ya mtu aliyewaona wengi wakigeuka bubu mbele ya pampu.
"Adi," nasema. "Jaza."

Namba zinakimbia. Simu inalia, ni Himid, yuko Maskati:
"Umetia nini? Usije ukaliua gari la marehemu!"
"Mumtazi, shemeji."
"Kwa nani?"
"Kwa kina baba."
Anaguna, kashindwa tena na mtu asiyekuwapo.

Nalipa. Nachukua kalamu iliyofungwa kwa uzi,
natafuta mstari mtupu.
Tarehe. Kilomita. Lita.
Na pembeni, kwa herufi zake nisizoziweza vizuri,
naandika kweli.