Kovu Halina Muhuri

Fomu ya utafiti, swali la tisa:
una uwezo wa kushika mimba?
Hapana. Walinitoa kizazi Temeke,
mwaka wa harusi ya mdogo wangu.

"Cheti cha upasuaji?"
Kilikwenda na maji ya Msimbazi,
pamoja na godoro.

Nikapandisha blauzi: kovu hilo.
Sista Edelvina akalitazama kwa adabu.
"Naliona, Mwantumu. Ila kovu halina muhuri."
Akanipa kikopo.

Mstari mmoja.
Miaka saba mstari huo niliufunika kwa kiganja,
Hemedi asiuone.
Leo ndio unaonipitisha.

Akaandika: hana mimba, aendelee.
Mwezi ujao, akasema, tunapima tena.

Tarehe nimeizungushia duara
kwenye kalenda ya duka la dawa,
kama mtu anayesubiri habari.